UPS na jenereta mbali mbali, au kabati moja lenye kila kitu? Chumba cha seva, Mtwara mjini

Korosho_Nyeupe
Wakuu habari za jioni. Ofisini tunataka kubadilisha umeme wa akiba wa chumba cha seva kabla minada ya korosho haijaanza, maana msimu ukishaanza hakuna anayekusikiliza. Kuna anayesema ninunue UPS tu (kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), jenereta iliyopo iendelee, kuna muuzaji wa Dar anang'ang'ania kabati moja lenye UPS, betri za lithiamu, kiyoyozi na kifaa cha kukutumia meseji kukiwa na tatizo, na kuna jamaa wa sola anasema inveta ya haibridi (inayochanganya sola, betri na umeme wa gridi) na betri za ukutani zinatosha. Bei zao zimepishana vibaya sana. Nichukue ipi?

Fundi_Likombe
Lodi kilowati ngapi? Fezi moja au tatu? Unataka dakika kumi jenereta iwake, au masaa? Jenereta yenyewe KVA ngapi, yaani ukubwa wake? Umemwendea fundi cherehani umeacha mwili nyumbani.

KusiniNet
Na bajeti. Watu mnaficha bajeti kama mahari.

Sola_Masasi
Haibridi mkuu, hata usijiulize. Jua la huku ni bure, dizeli kila siku inapanda.

Babu_Mikindani
Ngoja niwape kisa cha ofisi moja huko Lindi niliyofanya kazi, jina mniachie. Tulikuwa na UPS nzuri tu ya online (ile inayolisha seva kupitia inveta yake muda wote) na jenereta ndogo nje chini ya mwembe. Siku hiyo umeme ukakatika saa nne asubuhi, jenereta ikawaka yenyewe, chenjiova (swichi ya kuhamia umeme wa jenereta) ikagonga ta, feni zikarudi, watu wakaendelea na kazi zao. Kule kwenye seva UPS inalia pii, pii, mimi nikabonyeza kitufe cha kuzima mlio maana unakera, nikaenda kunywa chai. Kumbe jenereta inayumba, kila pampu ya maji ikiwaka hetzi (kasi ya mawimbi ya umeme) zinashuka, UPS inaukataa ule umeme inaendelea kula betri huku jenereta inanguruma nje, na hakuna aliyejua. Dakika kumi na saba, giza. Data zikaharibika, risiti za siku mbili tukaziingiza upya kwa mkono mpaka usiku. Kufungua betri, zile za asidi zimevimba kama maandazi, hazitoki kwenye reli, tukazitoa kwa nyundo ya mbao. AC nayo haikuwekwa kwenye laini ya jenereta, kwa hiyo kila umeme ukikatika betri zilikuwa zinaokwa humo ndani miaka yote. Mimi tangu siku hiyo ni mtu wa kabati moja, vitu vilivyotoka kiwandani vimeshajuana.

Fundi_Likombe
Babu hapo kosa ni la aliyefunga. Ile jenereta ilitakiwa iwe kubwa na pampu itolewe kwenye laini yake. Ila joto umesema kweli, betri za asidi zimepangiwa nyuzi 25, kila nyuzi 10 zikizidi umri unabaki nusu. Kwa Mtwara ya mwezi wa kumi na mbili bila AC hapo unanunua betri kila baada ya miaka miwili.

Korosho_Nyeupe
Samahani wakuu nilisahau. Nimepima kwa klampu mita leo, ampea 11, fezi moja. Jenereta KVA 10. AC ni ya BTU 12,000. Nataka masaa matatu bila kuwasha jenereta. Bajeti bosi hajasema.

Fundi_Likombe
Sasa tunaongea. Ampea 11 ni kama kilowati 2.5, ongeza AC inakuwa 3.7, mara masaa matatu ni kama yuniti 11. Betri ya lithiamu ya 51.2V 100Ah ina 5.12, kwa hiyo tatu, na zinabaki kidogo. Kabati la Dar kwa lodi hiyo naona ni kununua basi la abiria watatu.

Dada_Chuno
Lithiamu kwenye chumba cha seva? Mmesahau Korea Kusini Oktoba 2022, betri ziliwaka moto kwenye kituo cha data, huduma ya meseji ya Kakao ikazimika nchi nzima.

Sola_Masasi
Dada lithiamu si moja. Achukue LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti), hiyo inavumilia joto kuliko zile nyingine.

Dada_Chuno
Inavumilia, sijasikia ukisema haiwaki.

KusiniNet
Cha kuchekesha gesi inatoka hapo Msimbati, inasafishwa Madimba, inakwenda Dar kwa bomba, sisi tunabishana dizeli na betri.

Fundi_Likombe
Hiyo ina uzi wake mkuu. Mimi swali langu kwa kabati la Dar, likifa kadi (saketi yake ya ndani) fundi anatoka wapi? Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika Somanga, hata dizeli ilikuwa shida, huyo fundi angekuja na ngalawa?

Babu_Mikindani
UPS yako ya kawaida ikifa kadi spea unanunua soko la Chuno?

KusiniNet
😂😂 Na mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zilikatika. Umeme upo, mtandao hakuna. Ndiyo maana wanaosema hamishia kila kitu klaudi siwaelewi.

Dada_Chuno
Klaudi ina kazi yake, nakala ya data usiweke chumba kimoja na seva.

Korosho_Nyeupe
Nimempelekea bosi, kaangalia bei ya kabati kacheka. Kasema nilete kwotesheni nyingine tatu, na kwanza niulize kama AC inaweza kukaa kwenye jenereta. Fundi Likombe nakuja inbox.

Sola_Masasi
Mimi pia nitumie lodi yako nikupigie hesabu ya paneli.

Mdau_Newala
Hizo betri za zamani mnauza? Zimevimba?