Re: Re: Kea homu wamechukua karafuu za mama

Bint Pemba, Leicester
Asalam aleikum jamani, mwenye kujua anisaidie kabla sijagombana na watu. Bimkubwa yuko kea homu, nyumba ya kutunzia wazee, mwaka wa pili, dimenshia, maradhi ya kusahau, imekula Kiingereza chote kabaki na Kiswahili tu. Kila Jumatano wanawakalisha duara, nyimbo za vita vya Hitla, picha za kadi za rasheni, ati kumbukumbu ziwachangamshe. Wazungu wanachangamka kweli, mama anatazama ukuta. Nikampelekea karafuu kwenye kikapu, wallahi kuzinusa tu vidole vikaanza kuchambua, anang'oa makonyo, vile vijiti vya karafuu, ambayo hayapo, ananiita jina la marehemu khalati ananiuliza baba keshashuka mkarafuuni? Nusu saa anacheka. Jana naambiwa zimechukuliwa, eti zitamkaba kooni, mpaka fomu ya riski, ya hatari, ijazwe iingie kwenye kea plani, mpango wa matunzo yake. Soshowoka, yule wa ustawi wa jamii, anasema kazi ya homu, homu wanasema kazi ya soshowoka. Nani anajaza?

Mzee wa Coventry
LPA unayo, ile hati ya mzazi kukupa mamlaka umuamulie mambo yake? Mimi nilikuwa na ya fedha tu, nikawa naruhusiwa kulipa bili lakini mambo ya matibabu ya baba siulizwi.

Mama Watatu, Reading
Mzee usimtishe mwenzio, karafuu na LPA wapi na wapi. Tena mama akili ishapotea LPA haiandikwi, hapo ni Court of Protection, mahakama ya wasioweza kujiamulia. Mimi nafanya kazi kea homu mwaka wa 11 huu. Bint, achana na ofisi, mshike yule wa aktiviti, anayewachangamsha wazee. Lakini usidhani ni dawa, mwaka 2018 walikusanya tafiti 22 za haya mambo ya kumbukumbu wakaona faida ipo ila ndogo, japo kea homu ndiko ilikoonekana zaidi. Na siku nyingine mtu anakumbuka msiba analia mpaka usiku.

Mzee wa Coventry
Nani kasema karafuu zina LPA? Soma vizuri. Na Attendance Allowance, ile posho ya wazee wanaohitaji kutunzwa, muangalie, kaunsili wakilipia homu inakatwa baada ya siku 28, mimi nilidaiwa.

Mtoto wa Wete, Toronto
Mmenikumbusha Pemba, majamvi ya kuanikia karafuu kando ya barabara, ukipita na baiskeli kwenye karafuu za watu unatukanwa mpaka mababu. Mkulima anachuma, bei wanapanga wengine, tusianze hayo.

Mama Watatu, Reading
Ushaanza.

Bint Pemba, Leicester
Fomu jamani.

Mzee wa Coventry
Kuna anayerudi kutoka Pemba mwezi huu? Nataka karafuu kilo moja za kumpa baba, mbichi, na makonyo yake.