Miche 80 nimepanda kwenye shimo la zamani la kifusi Madale, imebaki 9. Naombeni ushauri

MamaShamba: Wakuu, habari za jioni. Nina nusu eka huku Madale, mteremko uliochimbwa kifusi miaka ya nyuma. Udongo wa juu wote ulibebwa, limebaki gamba jekundu ambalo sululu inagonga na kurudi. Masika yaliyopita yamechonga korongo hadi karibu na ukuta wa jirani. Mwezi Juni nilipanda miche 80, ya matunda na ya kivuli. Maji nanunua ya boza, kijana anamwagilia kidogo kidogo kila jioni. Imebaki 9, yote miarobaini. Roho inaniuma, nataka ardhi hii ipone. Nipande mti gani?

Kobe_wa_Pwani: Pole dada. Weka mikaratusi, inakua haraka na haisumbui.

BwanaMisitu: Mkuu, mkaratusi hapo hapana. Unakunywa maji mengi, na nyasi chini yake huota kwa shida, wakati mteremko huu unalilia kitu cha kuufunika.

Dada, mambo ya miti yaache kwanza, tuanze na maji. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Kwa hiyo siku ikinyesha milimita 30, na kwa masika ya Dar hilo ni jambo la kawaida, kiwanja chako kimepokea lita 60,000. Hayo ni maboza sita ya lita elfu kumi, bure, na karibu yote yanateremkia korongoni kwa sababu gamba halinywi. Kisha unanunua mengine!

Tengeneza fremu yenye umbo la herufi A kwa miti mitatu na kamba yenye jiwe, pima mistari ya kontua, yaani ya usawa mmoja kukatiza mteremko, chimba makinga maji (mitaro ya kuyazuia) kuanzia juu ya mteremko. Kwenye matuta ya udongo uliochimbwa panda nyasi za vetiva: mizizi yake inashuka wima hata mita 3 na haisambai hovyo. Katikati chimba mashimo ya nusu mwezi, mdomo utazame juu, jaza samadi na majani makavu. Miche ipandwe Machi mvua zikishika, maana Juni ulikuwa unaipeleka moja kwa moja kwenye kiangazi.

Na umwagiliaji wa kila jioni acha. Maji kidogo yanaishia juu juu, jua linayachukua, mizizi nayo inabaki hapo hapo juu. Bora dumu la lita 20 mara moja kwa wiki, polepole, chini ya matandazo.

Jongoo_Mwekundu: Naongezea mvinje. Kule Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji, na mvinje ulikuwa kati ya michache iliyokubali. Mizizi yake inaishi na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Majani yake yalikuwa hayaozi, wakaletwa majongoo wakayala, udongo ukaanza kujengeka. Tangu nisome habari ile siui jongoo.

BwanaMisitu: Mfano mzuri, ila Bamburi maji ya chini hayakuwa mbali na sakafu ya machimbo. Kwa dada, mvinje uwekwe kule bondeni, siyo juu.

MamaShamba: Asanteni sana. Kuna vichaka vinachipua wenyewe kingo za korongo, nilimwambia kijana avifyeke. Nilikosea?

BwanaMisitu: Mzuie leo hii. Hivyo vina mizizi tayari chini, havihitaji hata tone la boza lako. Wenzetu Dodoma wanaita kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine unapunguza, yale uliyochagua unayaacha yapande. Hiyo miarobaini 9 nayo usiihamishe.

MamaShamba: Nimeshampigia, alikuwa amefyeka upande mmoja tu. Jumamosi tunapima kontua. Miche ya vetiva napata wapi huku Tegeta?

Kobe_wa_Pwani: Ninayo uwanjani kwangu Goba, dada. Njoo na jembe na viroba, tutaigawa mashina.