Naomba ushauri: mdogo wangu ana kifafa, tunataka kumpeleka kliniki ya neva Muhimbili

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 19, tuko Mbeya, ana kifafa ila siyo kile cha kuanguka tu, mara nyingi anakodoa macho, anatafunatafuna mdomo, ukimuita haitiki, baada ya dakika moja au mbili anazinduka hakumbuki kitu. Alianzia dawa ya fenobabitoni akawa anasinzia sana darasani, wakambadilishia kabamazepini, kweli imepungua ila haijaisha na dozi haruki, namsimamia mwenyewe. Siti skani ya kichwa ilitoka safi. Sasa daktari anataka kumuweka kwenye dawa nyingine ya kifafa, valproeti, na mimi nimesoma ina hatari kwa mtoto tumboni mwanamke akipata mimba, ndo maana nimesita, huyu binti bado ana maisha yake mbele.

Kwa waliopita kliniki ya magonjwa ya neva (ubongo na mishipa ya fahamu) Muhimbili, au mnaofanya kazi pale: kile kipimo cha umeme wa ubongo (EEG) anaenda akiwa anameza dawa kama kawaida au kuna maandalizi? Na kwa msichana wa umri wake, daktari wa neva huwa anampa dawa gani badala ya valproeti? Bima anayo, rufaa tunaifuatilia wiki hii.