MJADALA: Kampuni zilazimishwe kufunga mikataba ya miaka na asasi za hapa Dodoma, au tuendelee na hundi za picha?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Tangu misaada ya Marekani kupitia USAID ikatwe mwanzoni mwa 2025, asasi nyingi zilizokuwa zinaegemea huko zinahangaika, na sasa kila kikao utasikia "twendeni kwenye makampuni". Sawa, twendeni, ila kwa utaratibu gani? Swali langu ni hili: kampuni inayofanya biashara mkoani kwetu ilazimike kufunga mkataba wa angalau miaka mitatu na asasi ya hapahapa, au iendelee kutoa inapojisikia?

Mimi nasema ilazimike.

Kuna kijiji kimoja Chamwino nakifahamu vizuri. Kampuni ilichimba kisima, ikafunga pampu ya sola na kujenga kioski cha kuchotea maji. Siku ya makabidhiano magari yalijaa, hundi ya kadibodi ndefu kama mlango, fulana kwa kila mtu, utepe ukakatwa. Baadaye pampu ikagoma. Fundi akasema inveta, kile kifaa cha kubadili umeme wa sola uendeshe pampu, imeungua na mpya ipo mjini, tatizo hela, jumuiya ya watumia maji haikuwa na akiba maana hakuna aliyekaa nao tangu mwanzo wakapanga bei ya ndoo na kiasi cha kuweka benki kila mwezi, walipigiwa makofi wakaachiwa funguo. Wakapiga simu kampuni wakajibiwa mradi ulishafungwa kwenye vitabu. Kina mama wakarudi kufukua mchanga korongoni. Na hapo hakuna aliyeiba hata shilingi! Ilikosekana asasi yenye ofisi jirani, yenye pikipiki na mafuta, ambayo kazi yake ni kupita pale mara kwa mara, na hela ya mafuta hayo kampuni hazitaki kuitoa kwa sababu haipigiki picha.

Miti nayo ni hivyohivyo. Tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani izinduliwe 2017 watu wamepanda miche mingi sana, ila mche wa Januari unakuta Agosti jua na mbuzi wameumaliza kama hakuna wa kuutunza. Linganisha na Kisiki Hai, ile kazi ya LEAD Foundation na Justdiggit iliyoanza huku 2018. Mkulima hapandi kitu, anatafuta kisiki kilicho hai shambani mwake, anabakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine anapogoa, kisha anafunga kitambaa ili wengine wajue hapo hapakatwi. Mche haununuliwi, lakini lazima kuwe na watu wa kurudi vijijini msimu baada ya msimu kufundisha na kukagua. Hiyo huwezi kuifadhili kwa hundi moja.

Na jambo la kulazimisha sio geni. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae mpango wa CSR, yaani kile kampuni inachorudisha kwa jamii, na akubaliane na halmashauri. Benki, mitandao ya simu, saruji, vinywaji, hawa mbona hawaguswi? Halafu hata kwenye madini mpango wenyewe ni wa mwaka mmojammoja, ndo maana nasisitiza miaka mitatu.

Mhasibu wa Area D

Mkuu nakuunga mkono nusu. Miaka mitatu sawa, kulazimisha hapana. Nimekaa upande wa kampuni, najua ukishalazimisha itahesabiwa kama kodi nyingine, watatoa kile kiwango cha chini kabisa na hutowaona tena. Angalia zilizodumu. Geita Gold Mine wanapandisha watu Kilimanjaro kuchangisha hela za mapambano ya UKIMWI tangu 2002, hiyo 2017 yako ilikuwa bado. Hospitali ya CCBRT na Vodacom kwenye matibabu ya fistula pia, mama aliyeko kijijini nauli yake inatumwa kwa M-Pesa kupitia balozi, yaani mtu wa mradi huko aliko, anayemsafirisha mpaka hospitali. Hakuna sheria iliyowasukuma, walikaa wakaona mgonjwa anakwama wapi, wakakuta anakwama kwenye nauli.

Kikwazo ninachokiona mimi ni kingine. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani kuondolewa kwenye hesabu ya kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara. Ila asasi lazima iwe imetambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, kuwa ni ya hisani, na asasi ndogo nyingi zina cheti cha usajili wa NGO tu. Mkurugenzi wa fedha akiangalia haoni nafuu, anaona bora apeleke mabati shuleni yaishe. Hilo lirekebishwe kwanza.

Mama Mlezi, Nkuhungu

Nawasalimu wanangu. Mimi nalea watoto wenye ulemavu, kituo chetu ni kidogo. Ramadhani na Krismasi tunapata wageni mpaka tunakosa viti, mchele, sukari, sabuni, mafuta, Mungu awabariki maana watoto wanakula. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mtu wa kumnyoosha viungo kila wiki, akikatishwa miezi miwili viungo vinakaza, ile hatua aliyofikia inapotea. Nikiomba mshahara wa huyo mtaalamu naambiwa "sisi hatulipi mishahara". Sasa nani analipa? Mchele haumnyooshi mtoto mguu.

Mkataba nautaka hata leo. Ninachoogopa ni kimoja, kuna wenzangu walifunga na kampuni, ikafika mahali kampuni ile ikawa na mgogoro na majirani kuhusu maji machafu, asasi ikaambiwa ikae kimya. Wakakaa. Hilo mleta mada hujaligusa, mwanangu.

Mkazi wa Kibaigwa

Napinga yote. Kampuni ilipe kodi, serikali ichimbe visima, basi. Mnataka tuwe ombaomba wa mabenki sasa baada ya kuwa ombaomba wa Wamarekani, na siku kampuni ikifunga virago mtalia tena hapahapa.

Mleta mada

@Mkazi wa Kibaigwa ndugu yangu, kodi walipe na visima serikali ichimbe, hilo hatubishani. Ila hela ya CSR inatoka tayari, kila siku tunaona makabidhiano, mimi nauliza itoke vipi. Na kuhusu kufunga virago ndo maana ya mkataba, unaandika kabisa mwaka wa tatu kampuni inapunguza, jumuiya inaongeza, akiba ya inveta iwe imeshafika.

@Mhasibu hapo kwa TRA umenifumbua, nakubali kabisa. Ila bado nang'ang'ana na kulazimisha kwa sababu hao wawili uliowataja ni wakubwa na wana kitengo kizima cha kazi hiyo. Wa kati wanaokuja Dodoma kufuata serikali wanatoa kwa matukio tu. Halafu angalia mizani ilivyoinama: kanuni za NGO za 2018 zinaitaka asasi itangaze hadharani fedha ikipokea zaidi ya milioni 20, mkataba wake upelekwe kwa msajili, lakini aliyetoa halazimiki kumwambia mwanakijiji chochote.

@Mama Mlezi shikamoo mama. Ni kweli sikuligusa, na ni zito kuliko yote. Ninavyoona dawa ni kijiji au mtaa uwe upande wa tatu kwenye mkataba, wenye sahihi yake, na iandikwe wazi kwamba asasi kusema ukweli kuhusu kampuni sio sababu ya kuvunja mkataba. Hela za mwaka mzima ziingie mwanzoni mwa mwaka ili asasi isiogopeshwe kwa malipo ya mwezi ujao. Taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, kampuni ikiwepo na asasi ikiwepo, wananchi waulize wenyewe. Mama, kipengele kama hicho kingekutosha usaini, au kuna kingine wenzako walikosa?