Mtutu mpya wa .308 na maganda mapya: nianze na kipi?

MlengaMeru (Arusha)
Wakuu, salamu. Bunduki yangu ya shabaha, .308 Winchester, imefungwa mtutu mpya wa chuma cha pua. Nimepata na boksi la maganda mapya ya kampuni ya Lapua, hayajapigwa hata mara moja. Vibali ninavyo, hilo tusilijadili. Ninakwama mambo mawili. Kuna wanaosema mtutu mpya upige moja, usafishe, upige moja, usafishe, mpaka uzoee. Wengine wanasema huo ni usumbufu mtupu. Halafu maganda: yakishapigwa, kabla sijayajaza tena, nibane shingo tu au ganda zima ili yarudi kipimo chake? Nalenga mita 300, nikiwa nimelala kifudifudi. Nipeni shule.

Kereza_Kijenge
Mkuu, kazi yangu ni mashine ya kereza, nitaongelea chuma. Mtutu wa daraja la mashindano kwa kawaida husuguliwa ndani kabla haujatoka kiwandani. Tatizo ni chemba, yaani pale ganda linapokaa, maana huchongwa baadaye, na kifaa cha kuchongea huacha mikwaruzo midogo pale kooni, mbele tu ya chemba. Mikwaruzo hiyo inakatiza njia ya risasi. Kichwa cha risasi kikipita kinaparuliwa, shaba yake inageuka mvuke ndani ya gesi ya moto, kisha inaganda huko mbele mtutuni. Krieger wa Marekani wanaeleza hivyohivyo kuhusu mitutu yao. Kwa hiyo kinachozoea ni koo, si mtutu mzima. Tumia dawa ya kuondoa shaba, angalia kitambaa: kikitoka cha bluu, bado ipo. Risasi chache za mwanzo zikipita na bluu ikapungua, umemaliza. Hakuna haja ya kukesha.

Babu_wa_Rau (Moshi)
Fundi kaeleza vizuri, ila mimi sipo upande huo. Marehemu Gale McMillan, mtengenezaji wa mitutu, aliandika waziwazi kwamba utaratibu huu unawafaa wauza mitutu: kila risasi unayopiga inakula umri wa mtutu. Nimewahi kulenga Bloemfontein, uwanja wa General de Wet, na pale kila mlengaji ana dini yake kuhusu usafi. Ninachoogopa mimi ni fimbo mbovu ya kusafishia inayokwangua kuta, inayoingizwa kwa mdomo wa mtutu bila bomba la kuiongoza. Ingizia nyuma, kwenye chemba, polepole.

Dada_Sakina
Shikamoo Babu. Naomba niwapatanishe, maana mnajibu swali moja na kaka kauliza mawili yanayokwenda pamoja.

Mtutu mpya mara nyingi huongeza kasi ya risasi kidogo kidogo katika risasi 100 hadi 200 za mwanzo, halafu unatulia. Ganda jipya nalo halijakaa sawa: limetengenezwa dogo kuliko chemba yako, na litajaza chemba pale litakapopigwa. Sasa ukianza kutafuta kipimo cha baruti siku ya kwanza, unapima vitu viwili ambavyo vyote bado vinasogea. Ni kama kushonesha suti ya harusi kwa mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo zitumie risasi za mwanzo kwa kazi zote mbili. Tumia kipimo cha wastani kutoka kitabu cha watengenezaji, usikimbilie juu. Usafi wa fundi ufanyike humohumo, bila kupoteza risasi za ziada. Kabla ya hapo, maganda mapya yapitishie kijiti cha kupanulia shingo, maana mengi hufika midomo imebonyea, kisha ondoa makali ya mdomo kwa ndani na nje.

Baada ya hapo, bana ganda zima, lakini bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, lirudi nyuma kwa milimita 0.03 hadi 0.05 tu. Kubana shingo peke yake kunapendeza mwanzoni, ila baada ya kupigwa mara kadhaa komeo linaanza kuwa gumu kufunga, na ukilazimisha komeo umeshasogeza mkao wako. Urefu wa ganda la .308 usizidi milimita 51.18.

Chalii_wa_Chuga
Na kupasha shingo moto je? Naona watu mtandaoni wanatumia jiko la gesi.

Babu_wa_Rau
Marahaba Sakina, hapo kwenye bega nakuunga mkono. Chalii, sikiliza vizuri. Ganda ni shaba na zinki, 70 kwa 30, na kila linapopanuka na kubanwa linakuwa gumu, mwisho shingo inapasuka. Moto unalilainisha. Lakini moto ni wa shingo na bega peke yake. Kitako kikilainika kinaweza kupasuka ukipiga, na gesi itarudi usoni kwako. Ganda ulilolipasha kitako usilihurumie, litupe. Maganda mapya ya Lapua yameshapashwa kiwandani, ile rangi ya zambarau shingoni ndiyo alama yake, kwa hiyo MlengaMeru hilo halimhusu kwa sasa.

Kereza_Kijenge
Kwa wanaosoma tu: kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kabla hujanunua kifaa chochote cha kujazia maganda, pita polisi uulize.

MlengaMeru
Asanteni wakuu. Nabana ganda zima, na usafi utakuwa wa mwanzo tu. Dada Sakina, hicho kijiti cha kupanulia shingo nakipata Arusha au niagize nje?

Dada_Sakina
Agiza. Na chukua venia nzuri ya kupimia urefu wa ganda kwa agizo hilohilo, hizi za bei rahisi zinadanganya.