Kwa nini muhogo hubadilika rangi siku mbili tu baada ya kung'olewa?

Mkulima, Newala
Ndugu zangu, hamjambo. Ninalima muhogo Newala na kuuza Mtwara mjini. Muhogo ninaoung'oa Jumatatu, nikiukata Jumatano naukuta na michirizi ya buluu inayoelekea weusi, na wanunuzi wanaukataa ijapokuwa haujavunda hata kidogo. Viazi vitamu vilivyochimbwa siku ileile huwa bado vizima. Niliambiwa ni vijidudu vya udongoni, lakini hata nikiuosha hali ni ileile. Kijana wangu anayesoma sayansi anasema chanzo kiko kwenye mitokondria. Naomba mnieleze, mitokondria ina uhusiano gani na viroba vyangu vya muhogo?

Mwalimu wa biolojia, Masasi
Shikamoo, mzee wangu. Kijana amekueleza kweli. Vijidudu huja baadaye. Michirizi ya mwanzo muhogo hujiletea wenyewe.

Mitokondria ni visehemu vidogo ndani ya seli ambamo chakula cha mmea hugeuzwa kuwa nishati. Humo elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji, hupokezanwa na protini moja baada ya nyingine, hadi kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha mwisho, saitokromu oksidesi, kinapozikabidhi kwa oksijeni na maji yakatokea. Sasa, muhogo huhifadhi linamarini, kemikali inayotoa sianidi ikivunjwa, ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa kwenye ukuta wa seli. Jembe likiuchubua mzizi, viwili hivyo hukutana na sianidi, ambayo ni sumu, hutoka, nayo huishika saitokromu oksidesi isifanye kazi. Elektroni zikikosa pa kutokea hujazana, nyingine huvuja na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Kemikali iitwayo skopoletini ikishambuliwa nayo ndiyo hutoa ile rangi ya buluu. Kiazi kitamu hufunga jeraha lake kwa gamba jipya, lakini mzizi wa muhogo uliokwisha kung'olewa hauwezi kufanya hivyo ipasavyo.

Watafiti Tawanda Zidenga, Richard Sayre na wenzao walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili mwaka 2012. Waliupa muhogo jeni ya oksidesi mbadala kutoka mmea mdogo wa arabidopsisi. Kimeng'enya hicho hupokea elektroni kabla hazijafika pale palipozibwa, na sianidi haikizuii. Oksijeni kali ilipungua zaidi ya mara 10, na mizizi ya mimea iliyokuzwa katika banda la kioo ilichelewa kuharibika kwa siku 14 hadi 21. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kwamba chanzo ni pumzi ya mzizi kuzibwa.

Afisa ugani mstaafu, Lindi
Mwalimu amefafanua vizuri, ila naomba niongeze jambo ambalo mkulima lazima alijue: katika shamba la majaribio, mimea ya kwanza ya aina hiyo ilitoa mizizi yenye uzito mdogo. Sishangai, kwa sababu njia ya mkato ya oksidesi mbadala huipatia seli nishati kidogo kuliko njia ya kawaida. Kwa hiyo, mzee mwenzangu, usisubiri mbegu hiyo. Kata mashina wiki mbili hadi tatu kabla ya kung'oa, ubakize visiki vifupi, na mizizi itachelewa kuharibika, ingawa huenda ikawa migumu kidogo kuiva. Ng'oa taratibu bila kuichubua, kisha ifukie kwenye vumbi la mbao lenye unyevunyevu hadi siku ya soko.

Itakayobaki, kausha makopa mapema. Unga wake ulowanishe, uutandaze mwembamba kivulini kwa saa tano, sianidi iondoke hewani, kisha upikwe siku hiyohiyo. Mkoa wenu wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na sianidi ya muhogo, na hilo halipaswi kusahaulika kila tunapozungumzia muhogo mchungu.

Mkulima, Newala
Marahaba, mwalimu. Nawashukuru nyote wawili. Nitakata mashina ya matuta mawili nilinganishe na mengine. Je, mvua ikinyesha katika wiki hizo na visiki vikachipua, niendelee kungoja?

Afisa ugani mstaafu, Lindi
Hapana. Machipukizi yatakula wanga wa mzizi. Ukiyaona yanajitokeza, ng'oa.