Kampeni ya dawa kwa wote Kanada: sheria ilikwisha kupitishwa, sasa tunadai nini?

Mama wa Hamilton:
Ndugu zangu, salaam. Jumapili baada ya ibada tuliletewa karatasi ya maombi kwa Bunge la Kanada, inayodai kwamba dawa zote anazoandika daktari zilipiwe na serikali kwa kila mkazi, kama zinavyolipiwa huduma za daktari na za hospitali. Mume wangu ana kisukari, nami nafanya kazi kupitia wakala asiyetoa bima ya dawa; kwa hiyo kumwona daktari hakutugharimu kitu, lakini cheti anachotuandikia hutuhangaisha tufikapo dirishani kwa mfamasia. Nina maswali mawili. Sheria ya dawa ilipitishwa mwaka 2024 na ikatangazwa sana; kampeni hii inadai nini zaidi? Na je, asiye raia anaruhusiwa kutia sahihi? Baadhi ya wazee wetu wamekataa kushika kalamu, wakihofia kuharibu maombi yao ya uraia.

Msaidizi wa mfamasia, Toronto:
Dada, nianze na la pili kwa sababu ni jepesi. Ombi kwa Bunge la shirikisho hutiwa sahihi na raia na wakazi vilevile. Karatasi ikipata sahihi 25 halali na mbunge akakubali kuiwasilisha, serikali hupaswa kutoa jibu ndani ya siku 45. Wazee watulie.

La kwanza ni refu. Sheria iliyoidhinishwa tarehe 10 Oktoba 2024 haikuleta dawa kwa wote, ingawa wengi tulisherehekea kana kwamba imeleta. Ilianza na makundi mawili tu, dawa za kisukari na za uzazi wa mpango, tena katika jimbo lililotiliana mkataba na serikali kuu. Mwanzoni mwa 2025 walitia saini Manitoba, British Columbia, Prince Edward Island na Yukon, Ontario, jimbo letu, haikuwamo. Hata katika kisukari, orodha ya shirikisho ina insulini na metformini, lakini sindano ya Ozempic haimo. Kampeni inadai majimbo yote yaingie, na orodha ipanuliwe mpaka ifikie dawa za shinikizo la damu, pumu na nyinginezo ambazo watu wetu huzigawa nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi.

Wakati mkisubiri, ulizia mpango wa Trillium wa Ontario, unaosaidia familia ambazo gharama za dawa ni kubwa kulingana na kipato chao. Watoto na vijana wasiozidi miaka 24 wasio na bima binafsi hulipiwa tayari, na wazee kuanzia miaka 65 wana mpango wao. Walioachwa ni hasa walio katikati, yaani wafanyakazi.

Mjomba wa Montréal:
Naheshimu juhudi hizi, lakini sioni sababu ya kuvunja kila kitu. Huku Quebec, tangu 1997 kila mkazi analazimika kuwa na bima ya dawa: mwenye bima ya kazini huitumia hiyo, na asiye nayo huandikishwa katika bima ya serikali. Hakuna anayebaki nje. Mipango mingi ya kazini ina orodha ndefu kuliko ya serikali, na sipendi kuambiwa niache nilicho nacho ili nipewe kilicho pungufu. Mnataka kumwongezea mlipa kodi mzigo, hali anayehitaji msaada ni mmoja kati ya watano.

Mwanaharakati wa afya, Edmonton:
Mjomba, hoja yako ina uzito, na ndiyo inayotumiwa na kampuni za bima kila mjadala huu unapoibuka. Quebec ilifaulu kumfikia kila mtu. Haikufaulu kushusha bei, kwa kuwa wanunuzi bado wametawanyika, na mwanachama hulipa ada pamoja na sehemu ya bei dukani. New Zealand ilianzisha mwaka 1993 chombo kimoja cha kujadiliana na watengenezaji, chenye bajeti moja, na kwa njia hiyo ikapata bei ambazo sisi tunazionea wivu. Baraza la ushauri la serikali kuu lililoongozwa na Dkt. Eric Hoskins lilikadiria mwaka 2019 kwamba mlipaji mmoja wa umma angeokoa dola bilioni 5 kwa mwaka nchini humu. Mzigo huo tunaubeba hata sasa, ila tunaubebea mifukoni na katika makato ya mishahara.

Na tazama ajabu ya mpangilio wetu. Sheria ya afya ya 1984 inahakikisha kwamba ukilazwa dawa zinalipiwa, lakini ukiruhusiwa kwenda nyumbani zinakuwa shauri lako. Mgonjwa asiyemudu insulini hurudi wodini akiwa hoi, na hapo serikali hulipa kila kitu bila swali. Tume ya huduma za afya ya Jaji Emmett Hall ilipendekeza dawa ziingizwe katika bima ya umma tangu 1964. Hatukukosa wazo, tumekosa wa kulishikilia uchaguzi unapopita. New Zealand yenyewe ilifuta ada ya dola 5 kwa kila dawa Julai 2023, serikali ikabadilika, na Julai 2024 ada ikarudishwa kwa wengi. Kwa hiyo ningependa madai yetu yataje bayana kwamba mgonjwa hatatozwa chochote dukani, hata kama ripoti ya Hoskins iliruhusu ada ndogo ya dola 2 hadi 5.

Mama wa Hamilton:
Nashukuru nyote. Basi nitawaeleza wazee. Je, karatasi hiyo hiyo inaweza kuitaka Ontario itie saini mkataba?

Msaidizi wa mfamasia, Toronto:
Hapana, dada. Bunge la Ottawa halina mamlaka ya kuiamuru Ontario isaini. Andaeni karatasi ya pili, ielekezwe kwa Bunge la Ontario lililoko Queen's Park, na mpelekeeni mbunge wenu wa jimbo, si yule wa shirikisho. Sahihi ziwe za kalamu kwenye karatasi yenyewe, kwani nakala za mashine hazikubaliwi.